Bendi Iliyolala Sebuleni kwa Dada

Wenzangu kazini, katika hospitali moja upande wa Maplewood, wakisikia kwamba niliwahi kupiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya Kanada, hucheka kwanza. Wananitazama: mama wa Kikenya mwenye miwani, anayekuja na chai yake ya maziwa kwenye chupa ya thamosi, anayesumbua kila mtu kuhusu kunawa mikono. Halafu mmoja anatafuta jina la bendi kwenye simu, anaiona picha, na kicheko kinakwisha. Huyu ni wewe? Ndiyo, ni mimi. Yule mwembamba wa nyuma aliyeinamisha kichwa ni mimi. Maswali yanayofuata siyapendi, kwa hiyo huwa nakwenda kumwangalia mgonjwa, hata kama hajaita.

Nitayajibu hapa, mara moja, nipumzike.

Besi nilijifunzia kanisani Kitale, na si kwa kipaji bali kwa uhaba. Mpiga besi wetu alioa akahamia Nairobi. Kiongozi wa kwaya akatazama huku na huku, akaniona mimi, ambaye soprano walikuwa wamenikataa na alto walikuwa wanajiandaa kunikataa, akanikabidhi gitaa akisema kwamba hili angalau halitatuaibisha. Lilinikaa vizuri. Besi ni kazi ya mtu asiyependa kutazamwa lakini anataka asipokuwepo watu wajue.

Nilipokwenda Winnipeg kusomea uuguzi, nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao ambayo chini yake, kwenye ghorofa ya ardhini, vijana watatu walikuwa wakifanya mazoezi ya muziki. Mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti, ndiye mwimbaji. Wa pili alipiga gitaa na hakusema kitu. Wa tatu alikuwa msichana mfupi aliyepiga ngoma kwa chuki, kana kwamba zilimtukania mama. Mpiga besi hawakuwa naye. Mimi nilikuwa juu nikijaribu kukariri mifupa ya mkono, na kilichoniudhi si kelele, ni lile pengo katikati ya kelele, pale ambapo besi ingekaa. Siku moja nikashuka kwenda kulalamika. Niliporudi chumbani nilikuwa mwanabendi.

Roki mbadala, ndivyo magazeti yalivyouita muziki wetu. Mbadala wa nini, sikuwahi kuambiwa. Kwa masikio yangu ulikuwa huzuni iliyopigwa kwa hasira: nyimbo za reli, za theluji inayokataa kuondoka mwezi wa nne, za viwanda vilivyofungwa na wanaume waliobaki wamekaa jikoni wakitazama mikono yao. Nyimbo zilikuwa za yule mrefu. Niliuelewa muziki ule haraka kuliko walivyotarajia. Kwetu huzuni ipo tele, ila sisi tunaipigia makofi.

Tulianza kwenye mabaa ya Winnipeg, tukipigia watu waliokuja kutazama hoki kwenye televisheni na kutuona sisi kama kizuizi. Albamu ya kwanza tuliirekodi pale pale chini ya nyumba, tukiwa tumetundika mablanketi ukutani. Ilipotoka ikawa lazima tusafiri, maana bendi isiyosafiri haijulikani. Na ukitoka Winnipeg ukielekea kusini, unavuka mpaka, unapita mashamba tambarare ya Dakota mpaka macho yanachoka kwa kukosa cha kutazama, na jiji kubwa la kwanza unalokutana nalo ni Minneapolis. Hapo nilikuwa na dada.

Dada yangu mkubwa alikuwa akiishi Saint Louis Park, katika nyumba ndogo aliyokuwa ameinunua kwa miaka ya zamu mbili mbili katika nyumba ya kutunza wazee. Mume wake alikuwa ameshaondoka zamani na kuoa Texas. Alibaki na binti mdogo, aliyekuwa bado anabebwa wakati ule. Siku tulipofika mara ya kwanza ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio. Dada akafungua mlango akaniona mimi, na nyuma yangu wazungu watatu wenye nywele kila upande na masanduku meusi. Nikajiandaa kwa mahubiri.

"Hawa wote ni wako?" akaniuliza.

Nikasema ni wenzangu.

"Wame-drive hiyo njia yote na hii baridi? Wamekula?"

Hawakuwa wamekula. Mambo yakaishia hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na dada yangu alipona kwa kupika. Akatuwekea chapati, ndengu, na sukuma wiki ya majani ya kule, yale manene yanayochemka mpaka ukate tamaa. Yule mrefu alikula kimya, akaongezewa, akaongezewa tena, na kila aliposema ameshiba dada alimwuliza kama chakula ni kibaya. Usiku wakalala sebuleni, sakafuni, wamefunikwa mablanketi yote ya nyumba ile na koti la kazini la dada juu.

Ikawa desturi. Kila ziara iliyopita Minneapolis ililala kwa dada, hata tulipoanza kupewa vyumba vya hoteli. Walimwita Dada, wakidhani ndilo jina lake, na kwa kuwa alikuwa ameanza kulipenda hatukuwasahihisha. Asubuhi ya kuondoka alitoka na kanga kichwani juu ya kofia ya sufu, akaweka mkono kwenye boneti ya gari letu, akaomba. Aliombea matairi. Aliombea madereva wa malori. Aliombea watu wa mpakani wasinisumbue, maana wakati ule mimi bado nilikuwa na pasipoti ya Kenya na ndiye niliyekuwa nikiwachelewesha wenzangu. Mpiga ngoma, ambaye hakuamini chochote duniani, alikataa katakata kuwasha gari kabla Dada hajamaliza.

Jumapili moja dada akaamua kwamba watu wanaolala kwake watakwenda kanisani kwake. Nilijaribu kumzuia, lakini yule mrefu akasema ingekuwa utovu wa adabu kukataa. Basi tukaenda, kanisa la Wakenya linalokodi jengo la Walutheri mchana, ibada ya Kiswahili na Kiingereza na, wakati mwingine, Kifaransa kwa ajili ya familia za Kongo. Mwaka ule wenzangu walikuwa wamekata nywele kidogo, si sana. Ulipofika wakati wa kuwatambua wageni, mchungaji akawaomba wasimame. Wakasimama. Dada akasimama nao na kusema, kwa sauti ya mtu anayejivunia watoto wake, kwamba hawa ni waimbaji kutoka Kanada na wanalala kwake.

Kwa mtu yeyote wa kanisa letu, waimbaji ni kwaya. Na kwaya ikitembelea kanisa haiondoki bila kuimba. Mchungaji akatangaza kwamba ndugu zetu wa kwaya kutoka Kanada watatubariki kwa wimbo maalum, watu wakapiga makofi, na mwenzangu mrefu akageuka kunitazama akiwa mweupe kuliko kawaida yake. Nikamwambia hakuna njia ya kutoka. Akapewa gitaa la vijana, mimi nikapewa besi ya kanisa yenye nyuzi tatu badala ya nne, mpiga ngoma akapewa kayamba, akaishika kama anayeogopa itamuuma. Tukapiga wimbo wetu wa baba aliyekaa jikoni baada ya kiwanda kufungwa. Hakuna mahali Mungu ametajwa katika wimbo ule. Lakini tulipofika kwenye kibwagizo akina mama walikuwa wameshakidaka, wakatia sauti ya pili na ya tatu, wakapunguza mwendo, wakaanza kuyumba. Shangazi mmoja mnene wa mstari wa mbele akapiga vigelegele. Yule mrefu akaacha kuimba katikati, akasimama tu anasikiliza wimbo wake ukiimbwa na watu ambao hawakuujua dakika chache kabla.

Tulipotoka aliniambia kwamba miaka yote ile hakuwa amejua wimbo ule ulikuwa unaomba nini. Nilimpenda sana siku ile, mapenzi ya ndugu, sitaki mtu afikirie mengine.

Albamu ya pili ndiyo iliyotutoa. Redio za vyuo zikaudaka wimbo mmoja, kisha tamthilia ya televisheni ikautumia mahali ambapo mtu anaagana na mpenzi wake kwenye mvua, na ghafla tukawa tunapigiwa simu na watu ambao zamani hawakujibu zetu. Tukapiga Toronto, Chicago, Ulaya. Tukapiga Minneapolis katika ule ukumbi wa katikati ya jiji wenye kuta nyeusi, ambao kila mwanamuziki wa huku anauota. Dada alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare, mkoba begani, pamba masikioni. Alisimama ukutani mpaka mwisho kati ya vijana waliokuwa wakirukaruka. Nilipomwuliza ameonaje, alitoa pamba masikioni kwanza.

"Kelele ni mob, nyingi mno," akasema. "Lakini wewe unasikika hapa." Akajigusa kifuani.

Nimesoma maandishi mengi ya wahakiki kuhusu bendi yetu. Hakuna aliyesema jambo la maana kuliko hilo.

Miaka michache hivi tulikuwa watu. Nilishapata uraia wa Kanada, nilishamaliza uuguzi, na kati ya ziara nilifanya zamu Winnipeg ili mikono isisahau. Tulikuwa tumeanza kuitayarisha albamu ya tatu dada aliponipigia na kuniambia, kwa sauti ileile anayotumia kusema maziwa yamekwisha, kwamba amepatwa na saratani ya kongosho. Mimi ni muuguzi, na yeye alikuwa muuguzi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Niliwaambia bendi ninakwenda, wakanikumbatia mmoja mmoja, wakasema niende, wangetafuta mtu wa kunishikia nafasi. Mpiga ngoma alinipeleka uwanja wa ndege na alilia njia nzima, akiendesha vibaya.

Dada hakumaliza hata msimu mmoja. Alikufa theluji ikiwa inaanza kuyeyuka, akiwa kitandani kwake, mimi nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa na bintiye. Niliwatumia wale watatu ujumbe asubuhi ile ile. Kwa Kiswahili ungekuwa na maneno mawili tu: Dada ametuacha.

Sasa, kwa asiyejua tunavyofanya. Mtu wetu akifa huku Minnesota, nyumba yake inafunguliwa. Hakuna anayealikwa. Kila jioni, mpaka mwili usafirishwe kwenda nyumbani, watu wanakuja baada ya kazi, na sare zao, na watoto wao, na sufuria zao. Wanaingia bila kubisha hodi, wanasalimia wafiwa, wanakaa popote, ngazini, jikoni, juu ya mashine ya kufulia nguo. Wanaimba, mtu mmoja anaomba, chai inapita. Wanawake wa Kongo waliofanya kazi na dada walikuja na wali na samaki, wakaosha vyombo vyote, wakaondoka, wakarudi kesho yake. Kulikuwa na watu sijapata kuwaona tena. Mfiwa hatakiwi kufanya kitu wala kusema kitu. Anatakiwa tu kuona kwamba nyumba imejaa.

Mimi niliona imejaa, na niliona nani hayupo.

Bendi ilikuwa na onyesho Minneapolis wiki ile ile, katika ukumbi ule wa kuta nyeusi. Lilikuwa limepangwa zamani, na nilikuwa nalijua. Nilijua gari limevuka mpaka. Nilijua wamefika mjini. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nasikiliza mlango. Yule shangazi wa vigelegele aliniuliza wale watoto wa Kanada wako wapi, nikamwambia wako njiani. Kesho yake akaniuliza tena, nikamwambia wako njiani. Siku ya tatu hakuuliza. Alinibandikia mkono mgongoni akauacha hapo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Walilala hoteli. Watu waliokula sahani moja na dada yangu, ambao hawakuwahi kukubali hoteli yoyote katika mji ule, wiki ya matanga yake walilala hoteli. Yule mrefu alinitumia ujumbe. Alisema wanatufikiria, wananipenda, na wanatuachia nafasi sisi familia tuomboleze kwa utulivu. Nafasi! Nilikuwa nimekaa kati ya watu arobaini ninaotaka wawe arobaini na watatu, na mtu ananiachia nafasi. Wakatuma na maua, meupe, makubwa, yenye kadi iliyochapishwa dukani. Niliyaweka gereji.

Halafu binti mmoja wa kanisani, akidhani ananifariji, akanionyesha video ya onyesho lao. Yule mrefu yuko jukwaani, taa ya buluu usoni, anasema kwamba wimbo unaofuata ni wa Dada. Kijana nisiyemjua akaanza besi yangu. Watu mia kadhaa wasiomjua dada yangu walimlilia, huku walioujua mlango wake wakishindwa kuufikia.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii nimeijua tangu darasa la tatu, na sikuwahi kudhani siku moja itanihusu mimi. Tuliporudi kutoka kumzika dada Kitale, niliwaandikia kwamba sitarudi kwenye bendi. Nilitaka wanipigie. Nilitaka kelele, nilitaka yule mrefu aniite mjinga, mpiga ngoma anitukane, hata yule kimya aseme neno. Walijibu kwamba wanaelewa, kwamba nichukue muda wote ninaouhitaji. Hawa watu hata kugombana hawajui. Sikuwajibu, na wao, kwa heshima yao, hawakunisumbua tena.

Mtoto wa dada hakuwa na mtu mwingine huku, na mimi ni mama yake mdogo. Nikahamia katika nyumba ile. Hospitali zilikuwa zinatafuta wauguzi, karatasi za kazi hazikunisumbua, na maisha yakawa barabara kuu ya kwenda Maplewood asubuhi na kurudi jioni, mikutano ya wazazi shuleni, na ugomvi wa kawaida wa nyumba ambayo mmoja anasema Kiswahili na mwingine anajibu kwa Kiingereza. Sikulalamika. Nilichokilalamikia kilikuwa kingine.

Bendi niliifuatilia kwa siri, kwenye simu, kama mtu anayechungulia nyumba ya mume aliyemwacha. Albamu ya tatu ilitoka na kusifiwa na watu wachache. Ya nne haikusifiwa na mtu. Walibadilisha wapiga besi mara kwa mara, na kila mmoja nilimsikiliza kwa uchoyo nikitafuta kasoro, na kasoro hazikukosekana. Yule kimya alioa, akahamia Vancouver. Kumbi zikawa ndogo, kisha zikawa baa, tena zenye televisheni za hoki. Ningependa kusema nilifurahi. Nilikaa ndani ya gari pale maegesho ya hospitali nikasoma kwamba wamepiga mbele ya watu wachache mjini Duluth, na nikalia kwa hasira, kwa sababu tulikuwa bendi nzuri. Tulikuwa nzuri kweli.

Vuli iliyopita yule mrefu akaniandikia. Bendi inavunjwa. Wanafanya ziara ya mwisho, wote watatu wa mwanzo, na onyesho la mwisho kabisa wameomba liwe Minneapolis. Akaniuliza kama ningekubali kupanda jukwaani nao, hata kwa nyimbo chache. Alisema bila mimi haitakuwa bendi iliyovunjika, itakuwa tu bendi iliyokwisha.

Niliuacha ujumbe ule siku kadhaa. Nilitaka kupiga. Sioni sababu ya kujifanya sikutaka. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe kwenye usukani. Lakini nilitaka kitu kingine zaidi, nilikitaka kwa miaka kumi, nacho ni kwamba waje waketi katika nyumba ya dada na wanipe pole. Nikajibu: njoo nyumbani kwanza.

Alikuja peke yake, Jumamosi alasiri, siku ya onyesho. Mpwa wangu ndiye aliyemfungulia. Ni msichana wa shule ya sekondari sasa, mrefu, mdomo wa mama yake. Yule mrefu alimtazama akashika fremu ya mlango. Nywele zake zilikuwa nyeupe pembeni na mabega yameinama kwa miaka ya kubeba vipaza sauti. Nilimkaribisha sebuleni. Aliketi ukingoni mwa kochi. Msichana akakaa kwenye kiti cha dirishani na simu yake, hasikilizi na anasikiliza.

Nikaleta chai. Aliuliza habari za kazi, nikamwuliza habari za barabara. Kisha nikachoka na adabu.

"Kwa nini hamkuja?" nikamwuliza. Sikuhitaji kutaja lini.

Aliweka kikombe chini.

"Tulikuja," akasema.

Nikamwambia asinidanganye ndani ya nyumba ya marehemu. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, akitazama zulia. Walikuja jioni ya kwanza walipofika mjini, kabla hata ya kwenda hotelini. Mpiga ngoma alikuwa amenunua sufuria kubwa ya supu mahali fulani na ameishika magotini. Wakaingia mtaa wetu wakakuta magari pande zote mbili mpaka kona. Wakaegesha mbali, wakatembea, wakafika mbele ya nyumba. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni vikamwagikia nje kwenye ngazi, na kupitia dirishani waliona watu wamesimama ukutani, bega kwa bega, hakuna pa kuweka mguu. Wote wakiwa watu wenu, akasema, wote wanajuana. Wakaona kwamba ile ni shughuli ya familia. Wakaona kwamba nyumba imejaa, na kwamba wao ni wageni watatu wanaoleta supu.

"Tukarudi kwenye gari," akasema. "Tukadhani labda mtu atatoka, tumwulize kama tunaruhusiwa."

Yule kimya alitaka kuingia. Ni yeye mwenyewe, mwimbaji, aliyekataa. Alisema wasiniongezee mzigo wa kuwahudumia. Basi wakakaa mle garini, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto, na nyimbo zilipoanza wakashusha vioo, baridi ile yote, wakasikiliza. Walisikiliza mpaka watu walipoanza kutoka, ndipo wakaondoka wasije wakaonekana kama wapelelezi. Kesho yake wakarudi tena. Magari yalikuwa mengi zaidi. Wakakaa tena.

Kwetu sisi, magari yakijaa mtaani ndiyo mwaliko wenyewe. Mgeni aliyetumwa mji asioujua haulizi nyumba yenye msiba ni ipi, anafuata magari, anafuata viatu. Hata aliyekosea njia huingia, akapewa chai, akamlilia mtu asiyemjua. Ningekuwa na nyumba tupu jioni zile, taa moja inawaka, wangebisha hodi. Wangeingia na supu yao wakanikumbatia. Kilichowazuia ni wingi wa walionipenda.

"Mlango haukuwa umefungwa," nikasema. "Hakuna siku uliyofungwa."

"Sikujua," akasema.

Nilimkasirikia bado, nataka hilo lieleweke. Mtu mzima wa miaka ile, aliyelala kwenye sakafu ile mara zote zile, angeweza kusukuma mlango. Lakini hasira ilikuwa imepoteza pa kukaa, ikabaki inazunguka. Miaka kumi nilikuwa nimewanyima bendi yao besi kwa sababu hawakukaa matanga na mimi, kumbe walikaa, jioni mbili, upande wa pili wa ukuta, kwenye baridi, wasijue maneno ya wimbo hata mmoja. Akaniuliza kwa sauti ndogo dada alikufaje. Hakuwahi kuniuliza. Nikamweleza tangu simu ile mpaka mguu niliokuwa nimeushika, na yule mrefu akalia waziwazi, bila kujifunika uso, kama mtu wa kwetu.

Alipoinuka aliniuliza kama ataniona jukwaani. Nikamwambia nina zamu. Ilikuwa kweli, na ningeweza kubadilishana na mwenzangu. Lakini bendi niliyotamani kuipigia ilikuwa imekwisha ndani ya gari, mtaani kwetu, ikinisubiri nitoke, na hakuna wimbo ambao ungeturudisha pale. Aliinamisha kichwa. Alielewa, na safari hii sikuchukia kwamba ameelewa. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake. Nikaweka mkono kwenye boneti, nikashindwa kuomba, nikaondoa mkono.

Niliporudi ndani mpwa wangu alikuwa ameweka simu chini. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, yule alikuwa nani. Nikamwambia ni mtu wa matanga ya mama yako. Akasema kwamba basi amechelewa sana.

"Hakuchelewa," nikamwambia. "Alifika siku zile zile. Alikuwa hapo nje, na sote tulikuwa humu ndani, na hakuna aliyetoka kumwita."

Akaanza kunijibu, akaniona uso, akaja akakaa karibu nami.